Kaseti Isiyosalimia Watu

Elia siku hizi ana kitambi na mvi, na akicheka mabega yake yote yanacheka naye. Juzi alinialika Miyuji kwenye ubarikio wa mjukuu wake. Nilipofika, sahani za pilau zilikuwa zinapita, wageni wamejaa chini ya turubai, muziki hakuna. Elia ameinamia kompyuta ya kupakata, jasho linamchuruzika, na nyuma yake amesimama binti wa sekondari, mjukuu mwingine, anamwelekeza kama dalali wa mnadani: "Babu bonyeza hapo, halafu hapo, siyo hapo babu, rudi nyuma, fungua hiyo, shuka chini, sasa mara mbili, mara mbili babu jamani!" Mimi mambo kama hayo siwezi kuyanyamazia, ndivyo nilivyoumbwa. Nikasema kwa sauti, na mdomo una wali: "We binti, mpe moja. Akimaliza akuambie 'tayari.' Ndiyo umpe ya pili." Binti akanitazama kama vile nimetoka kaburini. Elia akainua kichwa, akanitambua, akapiga kelele: "Mwalimu Mwanaidi! Unaniletea mambo ya Kizota mbele ya wakwe zangu?" Tukashikana mikono, tukacheka mpaka mama mmoja akatuletea maji ya kunywa. Muziki ulichelewa sana siku hiyo, na kosa lilikuwa letu sisi wawili, maana tulikaa pembeni tunaukumbuka mwaka mmoja tu.

Ulikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Ruksa ya biashara huria ilikuwa imeshakomaa. Kila baa ya Dodoma ilitaka kuwa na televisheni, mitumba imejaa sokoni, na kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikuwa amekitoboa dirisha na kuanza kuuza kitu. Neno lililokuwa midomoni mwa wakubwa ni moja: kujilipia. Shule ijilipie, zahanati ijilipie, hata bomba la maji lijilipie. Mimi nilikuwa binti mwenye cheti cha kompyuta kutoka Dar es Salaam ambacho nilikuwa nimekitia plastiki kisichafuke, na nikapata kazi katika chuo kidogo cha ufundi cha kanisa kule Kizota. Mwislamu peke yangu pale, na hakuna aliyenisumbua, ila mpishi wetu Mama Tabu aliyekuwa akinikumbusha kufuturu hata siku ambazo sikuwa nimefunga. Chuo kilizungukwa na karakana. Upande huu wanachomelea mageti, upande ule wanakamua alizeti, nyuma yetu seremala anaimba mapambio na randa mkononi. Ukifundisha pale, unafundisha kwa kupasua koo.

Chumba cha kompyuta kilikuwa zamani stoo ya mahindi, na harufu ya mahindi haikuondoka hata baada ya kupakwa chokaa. Kompyuta zilikuwa nne, nzito, rangi ya maziwa yaliyochacha, zimeletwa na marafiki wa kanisa. Vumbi la Dodoma mnalijua wenyewe. Madirisha tuliyaziba kwa karatasi, na mlangoni paliwekwa amri: vua viatu. Kila anayeingia, awe fundi au mgeni wa heshima, aliviacha nje, akaingia na soksi zake zilizotoboka. Halafu akina mama wa ufumaji, kwa upendo wao, walizifumia kompyuta zetu vitambaa vya maua, kama vile tunavyoweka juu ya redio na makochi. Zikapendeza! Tatizo, vitambaa vile viliziba matundu ya kupumulia, kompyuta ikipata joto inajizima yenyewe, na mimi wiki nzima nahangaika na nyaya. Elia, wakati huo fundi redio kijana mwembamba kama ufito, ndiye aliyekuja, akainua kitambaa kwa vidole viwili, akasema, "Dada, hata wewe nikikufunika shuka puani utazima." Nilikasirika, kisha nikacheka, na kuanzia hapo tukawa marafiki.

Asubuhi nilifundisha wasichana wa uhazili, waliolipa ada. Mchana, saa nane, walikuja vijana wa lile darasa ambalo watu waliliita majina nisiyotaka kuyaandika. Walikuwa vijana wanaojifunza tofauti na wengine, basi. Chuoni walifundishwa kufuma na kutengeneza sabuni, lakini wale walioleta kompyuta waliomba vijana hawa nao wajaribishwe. Mkuu wa chuo, Bwana Mhando, mtu mrefu wa sauti nzito anayetembea na kalamu tatu mfukoni mwa shati, alikubali kwa shingo upande. "Jaribu, Mwalimu," aliniambia, "ila usiniharibie vifaa."

Siku ya kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi. Nikasimama mbele, nikataja kibodi, skrini, kipanya, nikaeleza kuwasha, kufungua, kuandika, kuhifadhi, kuchapa, yote kwa pumzi moja. Sospeta, kijana mkubwa mwenye kicheko cha kuambukiza, alikumbuka neno la mwisho tu, akaenda moja kwa moja kwenye printa akaikumbatia. Asha, ambaye hakuwa akisema na mtu asiyemzoea, aliiangalia skrini yenye vijipicha vingi, akajifunika uso kwa kanga. Na Nyemo, binti kutoka kijiji cha Mlali, akavuta kiti, akaitazama kibodi kwa muda mrefu, akanigeukia. "Mwalimu," akasema, "hizi herufi za kwenu zinatulia?" Nikamuuliza ana maana gani. Akasema za kwenye daftari hazitulii. Akizitazama zinahama, ile ya mbele inakwenda nyuma, na kabla hajazikamata mwalimu ameshafuta ubao. Alikuwa ametolewa shule tatu. Ya kwanza walisema mvivu, ya pili walisema mkaidi, ya tatu hawakusema kitu, walimwambia mama yake amchukue tu. Alinieleza hayo bila huzuni, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kisha akasema, "Mimi nataka nimalize kitu, Mwalimu. Hata kimoja. Nianze, nifike mwisho, mtu aseme Nyemo umemaliza." Nilikuwa na umri unaokaribiana na wake, na mimi kila kitu nilikuwa nimeshamaliza bila hata kutambua kwamba ni bahati.

Basi nikaanza kutafuta namna. Nilikuwa nimepanga chumba Miyuji kwa mama mmoja wa Kigogo, Mama Anjela, mwanamke wa amri aliyeniona kama binti yake mzembe. Jioni tulikula nje, ugali wa uwele na mlenda, na Jumapili maziwa mgando na karanga, na yeye akinisimanga: "Unakula kama ndege, halafu unataka kufundisha." Nilimsimulia habari za Nyemo na Sospeta. Hakunipa ushauri wowote, aliniambia nimalize tonge. Lakini nilipokuwa natafuna wazo likaja: wasichana wa uhazili wananisikiliza mara moja na kushika. Hawa wanahitaji kunisikia mara kumi, mara ishirini, na mimi koo langu ni moja. Nikaamua kujirekodi. Elia akaniazima redio kaseti yake kubwa, na Jumamosi nikajifunika blanketi chumbani kuzuia kelele, mchana kweupe, jua la Dodoma linawaka, nikawa naeleza hatua za kompyuta huku nimelowa chapachapa. Jogoo wa Mama Anjela aliwika katikati. Na nilipofika penye kuchapa, Mama Anjela mwenyewe akaita kutoka uani: "Mwanaidi! Mlenda unapoa!" Sikuwa na kaseti nyingine ya kurudia. Nikaiacha hivyohivyo.

Niliiona kazi yangu ni ya ajabu kabisa. Jumatatu nikaiweka redio mezani, nikabonyeza, nikakaa nyuma na mikono kifuani. Sauti yangu ikatoka: "Hatua ya kwanza. Washa kompyuta kwa kubonyeza kitufe kilichopo chini. Hatua ya pili..." Hakuna aliyenyanyua mkono. Wamekaa kimya, wanaitazama redio. Nikadhani hawasikii, nikaongeza sauti. Bado. Nyemo akasimama, akaizima kabisa. Nikamwuliza kulikoni. Akanitazama kwa aibu kidogo, aibu ya kunionea mimi. "Mwalimu, huyu mama ndani ya redio hajasalimia. Amekuja tu anatuamuru. Sisi tumjibu nini?" Sospeta akaitikia, "Kweli, hajasalimia." Na wengine wote wakatikisa vichwa. Jamani! Watu wale walitoka vijiji ambavyo huwezi kumwomba mtu hata moto kabla hujamwuliza habari za usiku, za watoto, za ng'ombe na za mvua, naye akakuuliza zako, mkajibizana mpaka salamu zikaisha. Na mimi nimeingia kwao kupitia redio kama askari wa kukamata watu.

Nikaazima kaseti ya pili kwa Elia, nikarudi chini ya blanketi. Safari hii nikaanza kwa salamu ya Kigogo: "Mbukwenyi!" nikanyamaza. Nikawaza, sasa na wao wataitikia "Mbukwa," lazima niwape nafasi. Nikasubiri. "Habari za nyumbani?" Nikasubiri. "Mmeshindaje na jua hili?" Nikasubiri tena. Nilipofika kwenye hatua, tabia ya kusubiri ikawa imeshaniingia, nikajikuta nasema, "Weka kidole chako kwenye kitufe chekundu. Ukishaweka, nijibu: tayari." Nikanyamaza, muda wa kutosha mtu kutafuta kitufe bila kufukuzwa. Kisha, "Haya, asante. Sasa kibonyeze. Kikilia, nijibu: tayari." Jogoo aliwika tena, na penye kuchapa Mama Anjela akaniita tena kwa mlenda wake, nikaviacha humohumo. Siku ile nilipoipiga kaseti ya pili, loo! Chumba kizima kiliitikia "Mbukwa!" mpaka mchomeleaji wa jirani akazima mashine yake kusikiliza. Wakajibu habari za nyumbani kila mtu kivyake. Asha alijibu. Asha, ambaye sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake, aliiambia redio kwamba kwao mbuzi amezaa. Na tulipofika kwenye kitufe chekundu, vidole vikaenda, na wote kwa pamoja: "Tayari!"

Kitufe chekundu, ndiyo, maana nilikuwa nimezipaka kibodi rangi ya kucha. Nyekundu kwa kitufe cha kukubali, kijani kwa kile cha kurudi nyuma, ya waridi yenye kumetameta kwa ule mwambaa mrefu wa nafasi. Bwana Mhando alipokuja kukagua nusura azirai. "Mwalimu, umezipaka kompyuta za kanisa rangi ya kucha?" Nikamjibu, "Ndiyo, Mkuu, na kucha zangu zimebaki bila." Kuhusu skrini iliyokuwa ikimtisha Asha, yeye mwenyewe ndiye aliyepata dawa. Siku moja nilimkuta amechukua kipande cha boksi la sabuni, amekata tundu la mraba katikati, ameliegemeza mbele ya skrini, na sasa anaona kijipicha kimoja tu anachokihitaji. Amestarehe, kanga imeshuka mabegani. Tukakata maboksi ya kutosha, kila hatua na boksi lake, alama yake na tundu lake mahali pake, tukayapanga kwa kufuata kaseti. Na Nyemo nikamkatia karatasi ngumu yenye mwanya wa herufi moja. Anaitelezesha juu ya neno, inajitokeza herufi moja peke yake, haina jirani wa kubadilishana naye mahali. Anaitafuta kwenye kibodi, anabonyeza, anasogeza. Alikwenda polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Alipoandika jina lake zima mara ya kwanza aliinuka akacheza, mabega yakitetemeka vile Wagogo wanavyojua wenyewe, na Sospeta akampigia meza.

Nilikuwa na furaha ile ya kijinga ya mtu aliyepata kazi anayoipenda. Nilitembea kutoka Kizota hadi Miyuji nikiongea peke yangu. Ndiyo maana niliumia sana siku niliyosikia yale nisiyopaswa kuyasikia. Nilikuwa jikoni kwa Mama Tabu nakula makande, na dirisha la jikoni linapakana na ofisi ya Mkuu. Mhasibu alikuwa anasema, "Waombaji wa uhazili ni wengi, Mkuu, tunawarudisha. Mchana mashine zinakaliwa na watu wasiolipa na ambao hata wakikaa mwaka..." Bwana Mhando akakohoa. "Najua. Lakini nimeahidi kujaribu." Mhasibu akasema, "Na umejaribu. Wanachofanya pale ni kuitikia redio. Mwalimu akitoka chumbani hakuna anayejua lolote." Mkuu akasema, "Bodi imeniachia mimi. Nitaliangalia." Mama Tabu alinipokonya kijiko maana nilikuwa nakigonga sahani bila kujijua. "Mwanangu," akasema, "sahani haijakukosea."

Sikungoja kuitwa. Niligonga mlango wa ofisi na harufu ya makande bado mikononi. "Shikamoo, Mkuu. Nimesikia. Samahani, dirisha lenu halifungi." Bwana Mhando alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, nataka niseme hivyo wazi. Alikuwa mtu aliyeambiwa chuo kijilipie. Akasema, "Basi tuseme hivi. Nitachagua watatu. Waandike kitu kamili, wakichape, mimi nipo ndani, wewe uko nje. Redio yako nawaruhusu. Wakiweza, darasa linabaki. Wasipoweza, Mwalimu, usininunie." Nikasema sitanuna. Akachagua Nyemo, Sospeta na Asha, na kazi ikawa kadi ya mwaliko wa mahafali ya chuo. Nilimwambia Nyemo ukweli wote, maana nilimheshimu. Alisikiliza, akauliza, "Tukishindwa, hii inakuwa shule ya nne?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Haya. Tuweke kaseti."

Siku yenyewe, uwele ulikuwa umeshavunwa na upepo wa baridi wa Dodoma umeanza, ule unaokausha midomo. Nilifika mapema nikakuta kwenye benchi la baraza, mbele ya chumba chetu, amekaa mama mmoja amejifunga kaniki, pembeni yake kuna furushi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Mimi mama yake Nyemo. Nimeambiwa darasa linafungwa, nimekuja kumchukua. Nguo zake nimeshazifunga." Alisema taratibu, Kiswahili chake kikitembea kwa hatua za Kigogo. "Nimemchukua mara tatu. Njia naijua." Nikamwomba asubiri kidogo. Elia naye akaja, amekuja kuisindikiza redio yake, alisema, lakini niliona ameoga na amevaa shati la kanisani. Tukakaa watatu kwenye benchi. Vijana wakavua viatu, wakaingia. Bwana Mhando akavua vyake, vilivyong'arishwa, akaviweka sawasawa, akaingia, akafunga mlango.

Kwanza ilisikika sauti yangu mwenyewe: "Mbukwenyi!" Na wao: "Mbukwa!" Mama Nyemo akageuka akanitazama, akautazama mlango, akaitikia na yeye kwa sauti ndogo, "Mbukwa." Ikaendelea. Kitufe chekundu, tayari. Boksi la kwanza, tayari. Jogoo akawika, Sospeta akacheka kama alivyocheka kila siku kwa jogoo yuleyule. Nikaanza kupumua. Elia akanipigia jicho. Kisha, katikati ya neno, sauti yangu ikaanza kuvutika, ikawa nzito, ikawa ya dume, ikalia kama mbuzi aliyekabwa, ikakatika. Elia akaruka wima. "Imekula mkanda!" Akakishika kitasa. Nikamshika shati. "Elia, tukiingia tumeshindwa." "Lakini redio ni yangu!" "Kaa chini!" Akakaa. Ndani kimya kabisa. Nje, seremala anapiga randa. Mama Nyemo akaanza kulikaza fundo la furushi lake, polepole, kama mtu ambaye alikuwa anajua. Nilitaka kuubomoa ule mlango.

Ndipo ikasikika sauti ya Nyemo. Haikuwa na haraka. "Redio imechoka," alisema. "Ipumzike. Nitaendelea mimi." Akakohoa kidogo kama nilivyokuwa nakohoa mimi chini ya blanketi. "Chukueni boksi lenye alama ya jua. Wekeni mbele. Mkishaweka, nijibuni." Akanyamaza. Akangoja, muda uleule. "Tayari," akasema Sospeta. "Tayari," akasema Asha. "Asanteni. Sasa neno la kwanza. Tafuteni herufi, moja. Msikimbie." Elia alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa. Nyemo akatoa hatua moja, akangoja, akatoa nyingine. Hakuruka hata moja. Alipofika mahali pa kuchapa akasema, kwa sauti yenye amri ya uani, "Mwanaidi! Mlenda unapoa!" na wenzake wakajibu, "Tunakuja!" kama ilivyokuwa desturi ya darasa, maana kwao na hiyo ilikuwa hatua.

Halafu nikamsikia anasema, "Mkuu, shikamoo. Pale pana kompyuta ya nne, haina mtu. Kaa nayo, uone tunavyofanya." Nikajishika kichwa. Elia akanong'ona, "Huyu mtoto atatumaliza." Bwana Mhando akanung'unika neno kuhusu taipureta, kwamba yeye ni mtu wa taipureta. Nyemo akasema, "Hata mimi nilikuwa mtu wa shamba. Weka kidole kwenye kile chekundu, Mkuu. Ukishaweka, utujibu." Nilijua wanamngoja. Wangemngoja mpaka jioni, hawakuwa na ugomvi na muda, hakuna mtu chuoni aliyejua kungoja kama wao. Kiti kikalia. Na sauti ile nzito, ya kalamu tatu, ya vikao vya bodi, ikasema, karibu kwa haya: "Tayari." Wote watatu wakampigia makofi. Mimi nikamkumbatia Elia, mbele ya mama wa watu, bila hata kufikiri, na yeye akanikumbatia.

Printa ikaanza kulia, ile mikwaruzo yake ya kusaga meno, na sijawahi kusikia muziki mtamu kama ule. Mlango ukafunguka. Bwana Mhando alitoka na soksi zake, karatasi mkononi, amesahau viatu. Karatasi yake ilikuwa na jina lake tu, herufi zote kubwa, na nafasi nyingi mno katikati. Aliitazama, akanitazama. "Mwalimu, darasa lao kesho linaanza saa ngapi?" "Saa nane, Mkuu." "Ile ya nne asikae mtu," akasema, "na mhasibu nitaongea naye mimi." Akavaa viatu, akaenda zake, na nilimwona akifika pembeni ya ofisi anaifungua tena karatasi yake kuitazama.

Lakini Nyemo alikuwa ametupita sote, ameenda moja kwa moja kwenye benchi. Akapiga goti kumsalimu mama yake, kisha akaitoa kadi, wino bado mbichi. Mama yake aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaigeuza tena. Hakuwa amejifunza kusoma. "Imesema nini?" akauliza. Na Nyemo, ambaye shule tatu zilisema hasomi, akakaa kando yake juu ya lile furushi la nguo, akatoa ile karatasi yake yenye mwanya, akaisogeza polepole, kidole kikifuata. "Tuna-ku-karibisha. Kwenye. Mahafali yetu. Chakula kitakuwepo. Ngoma itapigwa. Njoo. Na mama. Yako." Akafika mwisho, akanyanyua uso. Mama yake alifuta mdomo kwa ncha ya kaniki, akasogea karibu zaidi, akaweka kidole chake kigumu cha jembe juu kabisa ya karatasi, penye neno la kwanza.

"Rudia," akasema. "Nimesikia, lakini rudia."